MikroRNA na Saratani ya Ubongo: Historia ya Kiashiria Kinachotafutwa

Glioblastoma ndiyo saratani kali zaidi, na pia ya kawaida zaidi, kati ya zile zinazoanzia ndani ya ubongo wa mtu mzima. Seli zake ni za jamii ya glia, yaani seli ambazo kwa kawaida huzishikilia na kuzihudumia seli za neva, lakini zikishaharibika hujipenyeza katika ubongo wenye afya mpaka mahali ambapo jicho la mpasuaji halifiki na picha ya MRI haionyeshi kitu. Nchini Marekani, ambako takwimu zake zimekusanywa kwa muda mrefu, ugonjwa huu huwapata watu wapatao 3 katika kila 100,000 kwa mwaka, na ni karibu nusu ya saratani zote zinazoanzia ubongoni. Mgonjwa aliyepasuliwa, akapewa tiba ya mionzi na dawa, mara nyingi huishi mwaka mmoja na miezi michache. Kwa ugonjwa unaokwenda kwa kasi hiyo, mwezi mmoja wa kutojua kinachoendelea ni hasara kubwa. Ndiyo maana maabara nyingi zimekuwa zikitafuta, katika damu na katika maji ya uti wa mgongo, vipande vifupi vya RNA viitwavyo mikroRNA, kwa matumaini kwamba vitaeleza hali ya uvimbe bila fuvu kufunguliwa.

Tangu karne ya 19, uvimbe huu ulijulikana kwa njia moja tu: kuukata na kuutazama. Katika miaka ya 1860 mwanapatholojia wa Berlin, Rudolf Virchow, aliutenga na vimbe nyingine na kuuita glioma, kwa kuwa aliuona unatokana na seli za glia ambazo yeye mwenyewe alikuwa ameshazieleza. Mwaka 1926 Percival Bailey na Harvey Cushing wa Boston walichapisha kitabu kilichozipanga glioma katika makundi, na jambo la thamani ndani yake lilikuwa ulinganisho: sura ya seli chini ya darubini iliwekwa kando ya muda ambao mgonjwa aliishi baada ya upasuaji. Kuanzia hapo, kilichoonekana maabara kiliweza kutumika kutabiri mwenendo wa ugonjwa. Hapo ndipo historia ya viashiria vya saratani ya ubongo inapopaswa kuhesabiwa kuanza, miongo mingi kabla ya mtu yeyote kufikiria molekuli.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1928, Walter Dandy wa Baltimore alieleza jinsi alivyoondoa nusu nzima ya ubongo, upande wa kulia, kwa wagonjwa waliokuwa wamekwisha kupooza upande wa kushoto. Hata upasuaji wa kiwango hicho haukuukomesha ugonjwa. Uvimbe uliweza kurudi. Somo lilikuwa chungu lakini halikuacha shaka: glioblastoma inapogunduliwa huwa imeshavuka mpaka wowote ambao kisu kinaweza kuufuata. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika Hospitali ya Atkinson Morley mjini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya CT kwa sababu alishukiwa kuwa na uvimbe ubongoni, na baadaye ikaja MRI. Picha hizo zilijibu swali la mahali uvimbe ulipo na ukubwa wake. Swali la uvimbe huo ni wa aina gani, na utafanya nini baada ya matibabu, lilibaki kwa mpasuaji na mwanapatholojia.

Molekuli ya kwanza kubadilisha matibabu ya kila siku ilitangazwa mwaka 2005. Katika mwaka huo Roger Stupp na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 573: waliopewa dawa ya temozolomidi pamoja na mionzi, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 14.6, wakati kwa waliopata mionzi peke yake kiwango hicho kilikuwa miezi 12.1. Monika Hegi, katika utafiti uliokwenda sambamba na huo, alionyesha ni nani hasa aliyefaidika. Jeni iitwayo MGMT hutengeneza protini inayorekebisha uharibifu ambao temozolomidi huufanya kwenye DNA ya saratani. Pale ambapo jeni hiyo imezimwa, dawa hufanya kazi vizuri zaidi. Waliokuwa na jeni iliyozimwa wakapata dawa na mionzi, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 21. MGMT ikawa kiashiria cha kweli, kinachosaidia kuamua tiba. Lakini nayo ilihitaji kipande cha uvimbe, na kipande hupatikana kwa kupasua. Uvimbe ukirudi, au ukibadilika tabia, hakuna namna ya kuupima tena kila mwezi.

Wakati hayo yakiendelea katika hospitali, mikroRNA ilikuwa imeanza safari yake mahali pengine kabisa, kwa mnyoo. Caenorhabditis elegans ni mnyoo wa udongoni mwenye urefu wa milimita moja, mwili wake unapitisha mwanga, na mnyoo mpevu ana seli 959 tu za mwili, ambazo kila moja inaweza kufuatiliwa tangu yai hadi ukubwani. Katika miaka ya 1980, Victor Ambros na Gary Ruvkun walifanya kazi pamoja katika maabara ya Robert Horvitz mjini Cambridge, Massachusetts, wakichunguza minyoo yenye kasoro katika mpangilio wa makuzi. Mnyoo aliyekosa jeni ya lin-4 hurudia hatua za utotoni bila kukoma. Hapati tundu la kutagia, hivyo mayai yake huanguliwa ndani ya mwili wake. Mnyoo mwenye kasoro ya kupoteza jeni ya lin-14 hufanya kinyume: huruka hatua za mwanzo. Ilionekana wazi kwamba lin-4 huizuia lin-14. Hakuna aliyejua inaizuiaje.

Ambros alihamia Chuo Kikuu cha Harvard akaenda na lin-4. Ruvkun akaanzisha maabara yake katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, akiwa na lin-14. Katika maabara ya Ambros, Rosalind Lee na Rhonda Feinbaum waliifuatilia jeni hiyo kwa miaka, wakiipunguza kipande baada ya kipande mpaka ikabaki DNA yenye herufi zipatazo 700. Walitarajia kukuta humo maelekezo ya kutengeneza protini, kama ilivyo kwa jeni za kawaida. Hawakuyakuta. Walichokipata ni RNA mbili fupi, moja ya herufi 61 na nyingine ya herufi 22 tu. Mwezi Juni 1992 Ambros na Ruvkun walilinganisha mfuatano wa herufi wa jeni zao mbili, na wote wakaona jambo lile lile: RNA fupi ya lin-4 ililingana na vipande vilivyojirudia mara saba kwenye mkia wa RNA ya lin-14. RNA moja ilikuwa ikijibandika juu ya nyingine na kuinyamazisha. Makala zao mbili zilitoka katika toleo moja la jarida la Cell, Desemba 1993.

Ugunduzi huo haukuleta msisimko mkubwa. Wengi waliuona kuwa ni jambo la ajabu la mnyoo, lisilomhusu binadamu. Ilichukua miaka saba kwa maoni hayo kuanguka. Mwaka 2000 maabara ya Ruvkun ilitangaza RNA fupi ya pili, let-7, kisha katika mwaka huo huo ikaonyesha kwamba let-7 ipo kwa nzi, kwa konokono, kwa samaki na kwa binadamu, ikiwa na herufi zile zile. Kitu kilichohifadhiwa bila kubadilika kwa mamia ya mamilioni ya miaka hakiwezi kuwa mapambo. Oktoba 2001 maabara tatu, ya Thomas Tuschl kule Göttingen, ya David Bartel kule Cambridge na ya Ambros mwenyewe, zilichapisha kwa pamoja katika jarida la Science makumi ya RNA za aina hiyo, na jina la mikroRNA likaanza kutumika. Leo inajulikana kwamba binadamu ana zaidi ya 1,000.

Namna zinavyofanya kazi inahitaji kuelezwa kwa utaratibu, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini zilivuta macho ya watafiti wa saratani. Jeni ya kawaida hunakiliwa kuwa RNA mjumbe, nayo hutoka kwenye kiini cha seli na kusomwa na ribosomu ili protini itengenezwe. Jeni ya mikroRNA hunakiliwa pia, lakini RNA yake hujikunja yenyewe kama kibanio cha nywele. Kimeng'enya kiitwacho Drosha huikata ndani ya kiini. Ikishatoka nje ya kiini, kimeng'enya kingine, Dicer, huikata tena na kubakiza herufi 21 hadi 23 hivi. Kipande hicho hushikwa na protini ya Argonaute, na kwa pamoja hutafuta RNA mjumbe zenye herufi zinazolingana nacho. Ikipatikana, RNA mjumbe huzuiwa kusomwa au huvunjwa. Ulinganifu unaohitajika ni wa herufi chache, saba au nane, hivyo mikroRNA moja inaweza kudhibiti mamia ya jeni. Mikondo mingi ya seli inaweza kuvurugika kwa sababu ya mabadiliko ya mikroRNA moja, na saratani ni ugonjwa wa mikondo iliyovurugika.

Ushahidi wa kwanza ulitoka kwenye damu. Mwaka 2002 George Calin na Carlo Croce, wakiwa Philadelphia, walikuwa wakitafuta jeni inayopotea kwenye kromosomu ya 13 kwa wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu ya wazee. Wengine waliokuwa wameitafuta kwa miaka hawakuipata, kwa sababu walitafuta jeni ya protini. Zilizokuwa zikipotea ni mikroRNA mbili, miR-15 na miR-16. Miaka miwili baadaye kundi la Tuschl likagundua kwamba hata virusi vina mikroRNA zao. Walizikuta katika seli za saratani ya Burkitt zilizoambukizwa kirusi cha Epstein-Barr. Kirusi hicho ndicho kilichoonekana mara ya kwanza London mwaka 1964 katika sampuli zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, ambako Denis Burkitt alikuwa akiwatibu watoto wenye uvimbe wa taya. Ni haki kukumbuka kwamba sehemu ya elimu hii ilianzia katika wodi za Kampala.

Mwaka 2005 zamu ya glioblastoma ilifika, kwa makala mbili zilizotoka karibu wakati mmoja. Katika ya kwanza, Jennifer Chan, Anna Krichevsky na Kenneth Kosik walionyesha kwamba miR-21 imejaa kupita kiasi katika tishu za glioblastoma ikilinganishwa na ubongo wa kawaida. Walipoizuia katika seli zilizooteshwa maabara, seli hizo zilianza kufa kwa utaratibu wa kujiua ambao kila seli yenye afya inao na ambao saratani huuzima. Makala ya pili, ya Silvia Anna Ciafrè na wenzake wa Roma wakishirikiana na Croce, ilipima mikroRNA 245 kwa mpigo na kulinganisha uvimbe na ubongo uliouzunguka. MiR-221 ilikuwa imepanda sana. MiR-128 na ndugu kadhaa wa miR-181 walikuwa wameshuka.

Miaka iliyofuata ilijaza picha hiyo. MiR-128 na miR-124 ni za ubongo wenyewe: seli za neva huzitumia kukomaa na kubaki zimekomaa. Mwaka 2008 Jakub Godlewski na wenzake huko Ohio walionyesha kwamba miR-128 huizuia Bmi-1, protini inayoziwezesha seli za glioma kujizalisha upya kama seli shina. MiR-128 ikishuka, breki hiyo huondoka. MiR-221 nayo huikandamiza p27, protini inayozuia seli kugawanyika. Na ikaongezeka miR-10b, ambayo kwa kawaida haipo katika ubongo lakini hujaa katika glioma. Kwa mtafuta kiashiria, hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo, yaani kitu kisichotakiwa kuwepo kabisa mahali hapo.

Hadi hapo vipimo vyote vilifanywa kwenye tishu. Hatua iliyobadilisha mwelekeo ilikuwa kugundua kwamba mikroRNA hutoka nje ya seli na kudumu. Jambo hilo lilikwenda kinyume cha kila kitu ambacho mwanamaabara amefundishwa kuhusu RNA. Damu imejaa vimeng'enya vinavyoivunja, na RNA tupu ikitiwa kwenye plazima hutoweka upesi. Mwaka 2008 Charles Lawrie na wenzake wa Oxford walizipima mikroRNA, miR-21 ikiwemo, katika seramu ya wagonjwa wa saratani ya limfu. Mwaka huo huo kundi la Muneesh Tewari kule Seattle liliacha plazima mezani kwa joto la chumba muda wa saa 24, likagandisha na kuyeyusha sampuli nyingine mara nane, na mikroRNA zikabaki karibu vile vile. RNA za kutengenezwa ambazo kundi hilo lilizitia kwenye plazima hiyo hiyo zilivunjika mara moja. Kwa hiyo zile za asili zilikuwa na kinga.

Kinga hiyo ni ya aina mbili. Mwaka 2007 Hadi Valadi na Jan Lötvall wa Göteborg, Sweden, walikuwa wameonyesha kwamba seli hutoa vifuko vidogo sana, eksosomu, vikiwa vimebeba RNA mjumbe na mikroRNA. Desemba 2008 Johan Skog na Xandra Breakefield wa Boston wakakuta kwamba glioblastoma nayo hutoa vifuko vya namna hiyo kwa wingi, na kwamba vinafika mpaka kwenye damu. Katika seramu ya wagonjwa 25 wa glioblastoma walipata ndani ya vifuko hivyo RNA ya EGFRvIII, jeni iliyoharibika ambayo ni ya uvimbe tu, kwa wagonjwa 7. Na miR-21 ilikuwa juu kuliko kwa watu wenye afya. Utafiti huo ndio uliofungua mlango. Lakini mwaka 2011 maabara ya Tewari ilirekebisha sehemu ya simulizi: mikroRNA nyingi katika damu hazimo ndani ya vifuko, bali zimeshikwa na protini ya Argonaute ikielea peke yake. Anayechuja vifuko na anayepima plazima nzima, kwa hiyo, hawapimi kitu kimoja, na matokeo yao hayawezi kuwekwa katika jedwali moja bila tahadhari.

Baada ya damu yalifuata maji ya uti wa mgongo. Njia ya kuyapata ni ya zamani. Heinrich Quincke aliieleza mwaka 1891 mjini Kiel. Mgonjwa hulala ubavu na kujikunja, sindano ndefu huingizwa kati ya pingili za kiuno, na maji yasiyo na rangi hudondoka tone kwa tone kwenye kichupa. Maji hayo huuzunguka ubongo, hivyo hupokea kinachotoka kwenye uvimbe kabla hakijachanganyika na vitu vya ini, misuli na uboho. Mwaka 2012 kundi la Krichevsky mjini Boston lilichapisha vipimo vya wagonjwa 118 wenye saratani mbalimbali za ubongo. MiR-10b na miR-21 zilionekana kwa wingi katika maji ya wenye glioblastoma na ya wenye saratani iliyosambaa kutoka kwingine, lakini hazikuwa hivyo kwa wasio na saratani. Jamii ya miR-200 ilipatikana kwa wale tu ambao saratani yao ilikuwa imesafiri kutoka mapafu, matiti au kwingineko. Kwa kupima mikroRNA chache pamoja, waliweza kuyatenganisha makundi hayo kwa usahihi wa asilimia 91 hadi 99. Hayo ni matokeo mazuri kuliko mengi yaliyopatikana katika damu, na yanastahili kutajwa hivyo.

Hata hivyo maji ya mgongo yana bei yake. Uvimbe mkubwa huongeza shinikizo ndani ya fuvu, na sindano ikitoa maji kwa chini wakati shinikizo liko juu, ubongo unaweza kusukumwa kuelekea shimo la fuvu na mgonjwa akafa. Kwa hiyo wagonjwa wale wale wanaohitaji sana kipimo ndio mara nyingi wasioruhusiwa kuchomwa sindano hiyo. Damu ni salama na rahisi kuchukua, lakini humo ishara ya ubongo huzama.

Kuzama huko kunaonekana vizuri zaidi mtu akiutazama upimaji wenyewe kwa karibu. Mililita chache za damu huzungushwa kwenye mashine mpaka seli zitulie chini na plazima ya manjano ibaki juu. RNA hutolewa humo, hugeuzwa kuwa DNA, kisha hunakiliwa kwa PCR. Kila mzunguko wa mashine huzidisha nakala mara mbili, na kinachosomwa ni mzunguko wa ngapi ishara imeonekana. Tofauti ya mizunguko miwili ina maana ya kiasi kilichozidi mara nne. Sasa ikiwa damu ilivutwa kwa nguvu kwenye bomba jembamba, au ilikaa muda mrefu kabla ya kuzungushwa, seli nyekundu hupasuka na kumwaga miR-16 na miR-451 zilizojaa ndani yake. Plazima huwa na rangi ya waridi hafifu, pengine isiyoonekana kabisa, na hesabu zote huharibika. Mwaka 2012 Colin Pritchard, akishirikiana na Tewari, alipitia mikroRNA 79 zilizokuwa zimetangazwa na watafiti kuwa viashiria vya saratani katika damu. Arobaini na sita kati yake ni zile zilizojaa katika seli za damu zenyewe. Baadhi ya viashiria hivyo huenda vilikuwa vikipima jinsi muuguzi alivyotoa damu, au idadi ya seli nyeupe za mgonjwa siku hiyo.

Ugumu mwingine ni kipimo cha kulinganishia. Ili kusema mikroRNA fulani imepanda, lazima kuwe na nyingine inayojulikana kutobadilika. Katika tishu watafiti walizoea kutumia RNA ndogo ya kiini iitwayo U6. Mwaka 2014 watafiti wa Hispania waliochunguza eksosomu katika seramu ya wagonjwa wa glioblastoma walikuta kwamba RNA ya jamii hiyo hiyo, RNU6-1, ndiyo iliyokuwa imepanda, pamoja na miR-320 na miR-574-3p. Walichokuwa wakikitumia wengine kama mizani kilikuwa mzigo. Hadi leo hakuna molekuli moja ya kulinganishia iliyokubaliwa na wote kwa damu wala kwa maji ya mgongo, na hiyo ni sababu kubwa ya maabara mbili zilizochunguza ugonjwa mmoja kutoka na orodha mbili zisizofanana.

Na miR-21, iliyoanzisha yote, imejulikana kuwa haina uaminifu wa pekee kwa ubongo. Hupanda katika saratani ya matiti, ya mapafu, ya utumbo mpana na ya kongosho. Hupanda pia katika uvimbe wa kawaida wa mwili unaopambana na maradhi, na moyo unapoharibika. Kwa utambuzi wa kwanza, hilo ni kasoro isiyofichika. Mtu mwenye miR-21 nyingi katika damu ana tatizo mahali fulani, na daktari hajaambiwa ni wapi.

Lakini swali la utambuzi wa kwanza huenda lilikuwa swali lisilofaa tangu mwanzo. Mtu anayepata kifafa cha ghafla ukubwani atapigwa MRI kwa vyovyote, na uvimbe utaonekana. Tatizo kubwa zaidi huja baadaye. Katika miezi mitatu ya mwanzo baada ya mionzi na temozolomidi, picha ya MRI ya mgonjwa mmoja kati ya watano, au hata zaidi, huonyesha uvimbe uliokua, kumbe ni tishu iliyochomwa na tiba na ambayo itatulia yenyewe. Daktari akidhani ni saratani, ataacha dawa inayofanya kazi au kumpeleka mgonjwa kupasuliwa bure. Akidhani ni tiba, kumbe ni saratani, amepoteza miezi ambayo mgonjwa huyo hana. Hapo mgonjwa anaweza kulinganishwa na nafsi yake: miR-21 yake ya kabla ya upasuaji, ya baada, na ya kila mwezi unaofuata. Udhaifu wa molekuli kuwa ya saratani nyingi hupungua nguvu, kwa sababu aina ya saratani imekwisha kujulikana. Watafiti wengi sasa wameelekea huko, na ndiko juhudi zilipaswa kuelekezwa mapema zaidi.

Katika Afrika Mashariki swali hilo lina uzito wa ziada. MRI hupatikana zaidi katika miji mikubwa, na upasuaji wa ubongo hufanywa katika vituo vichache kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ya Dar es Salaam. Kipimo cha damu kinachovumilia saa 24 bila jokofu kingefaa hapa kuliko Boston. Kwa sababu hiyo hiyo, kipimo kisichotegemeka kingeleta madhara zaidi hapa, mahali ambapo hakuna picha ya pili ya kukisahihisha.

Matumaini ya kuzifanya mikroRNA kuwa dawa nayo yalipata pigo. Jaribio la MRX34, iliyobeba nakala ya miR-34a kwa ajili ya saratani za viungo mbalimbali, lilisimamishwa mwaka 2016 baada ya wagonjwa kadhaa kupata athari kali za mfumo wa kinga. Wagonjwa wanne walifariki. Halikuwa jaribio la saratani ya ubongo, lakini liliwakumbusha wote kwamba molekuli inayodhibiti mamia ya jeni haiachiliwi mwilini kwa wepesi.

Kuna sehemu moja ambako mikroRNA imeingia katika utambuzi rasmi, nayo ni saratani ya watoto. Mwaka 2009 Annie Huang na wenzake wa Toronto walichunguza vimbe kali za ubongo wa watoto wadogo wakakuta kipande cha kromosomu ya 19 kimejirudia mara nyingi. Kipande hicho, C19MC, ni mkusanyiko wa jeni za mikroRNA zipatazo 46 ambazo kwa kawaida hufanya kazi katika kondo la nyuma na kuzimwa kwingineko. Uvimbe huo huwapata zaidi watoto chini ya miaka minne na huua upesi. Shirika la Afya Duniani liliiweka hitilafu ya C19MC katika uainishaji wake wa mwaka 2016 kuwa alama ya ugonjwa huo, na katika toleo la 2021 likaongeza kundi la watoto ambao hitilafu yao iko kwenye jeni ya DICER1, inayotengeneza kile kimeng'enya kinachokata mikroRNA. Ikumbukwe kwamba hapo kinachopimwa ni DNA ndani ya tishu iliyopasuliwa. Kinachoelea katika damu hakimo katika kanuni hiyo.

Tarehe 7 Oktoba 2024 Ambros na Ruvkun walitangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba, miaka 31 baada ya makala zao mbili za mnyoo. Kwa upande wa glioblastoma ya watu wazima, toleo la 2021 la uainishaji wa Shirika la Afya Duniani linataka jeni za IDH zipimwe, na sura ya tishu ikiwa haitoshi, hutazamwa TERT, EGFR na kromosomu za 7 na 10. MGMT hupimwa kwa ajili ya kuamua dawa. Hakuna mikroRNA hata moja inayotakiwa katika orodha hiyo, na haitaingia mpaka hospitali nyingi zikubaliane kutoa damu kwa namna moja, kuizungusha ndani ya muda mmoja, kuilinganisha na kipimo kimoja, na kuwafuatilia wagonjwa wale wale tangu siku ya upasuaji.